Mkono wa Justa na Fulu Zake

Siku ya kwanza kufanya kazi na Justa Kapele nilimwambia anyanyue mkono, akakataa. Mchana wa siku hiyohiyo nikamwambia aushushe, akakataa vilevile. Nikarudi nyumbani Chanji nikijiuliza huyu mwanamke kaajiriwa na nani.

Katika soko letu la mazao hapa Sumbawanga, ulezi unauzwa kwa debe. Mizani ipo. Imekaa kwenye kona, imefunikwa gunia, na wanaoipanda ni sisi wanawake asubuhi kabla wateja hawajafika, tukitaka kujua nani kanenepa. Anayenunua ulezi hapa anakwenda kuuuza kwa debe huko aendako, Mbala au Kipili, na hataki kupima kwa njia mbili. Lakini debe linaweza kumwonea mtu. Kwa hiyo waliotutangulia waliweka utaratibu ambao mpaka leo hakuna aliyeuvunja akabaki na wateja: muuzaji analeta debe lake, mnunuzi anataja mkono. Mkono ni mtu wa kumimina. Muuzaji haruhusiwi kumimina mali yake mwenyewe, na mnunuzi haruhusiwi kugusa debe. Huyo aliyetajwa anapiga magoti kwenye turubai, anachota ulezi kwa beseni, anamimina, anafuta juu kwa kibao, anasema "fulu", debe linakwenda kwenye gunia. Analipwa na pande zote mbili, nusu huku nusu kule.

Asiyejua atadhani kumimina ni kumimina tu. Ulezi una punje ndogo sana. Ukizimimina kutoka juu, taratibu, zinashuka na kushikana, na debe linameza kama halina chini. Ukizimimina kutoka chini kwa haraka, zinakaa zimeachana, kuna hewa katikati, na debe linajaa kabla hujapumua. Kwa macho ni debe lilelile. Mimi asubuhi nilikuwa nanunua kwa wakulima wa Kaengesa na Laela, hivyo asubuhi nilipenda mkono wa juu. Mchana nilikuwa nauza kwa Wazambia, hivyo mchana nilipenda mkono wa chini. Pale sokoni kila mtu alipenda hivyohivyo, na mikono mingi ilikuwa inapanda na kushuka ikifuata jua.

Wa Justa haukufuata jua. Kiwiko alikibana kiunoni, beseni likakaa hapo, na ulezi ukashuka kutoka hapo.

"Dada Justa," nilimwambia asubuhi ile, "nyanyua mkono kidogo."

"Mkono uko mahali pake."

"Naona umeubana kiunoni."

"Ndiko unakokaa."

Mchana Wazambia wawili wakamtaja yeye. Nikainama kama naokota kitu, nikamnong'oneza, "Sasa shusha basi."

"Mama Lydia," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyanya, "asubuhi ulitaka upande, mchana unataka ushuke. Huu ni mkono au ni bendera ya shule?"

Walicheka wote, Wazambia wakiwemo. Wakati wa kufunga nilimfuata. Sikwenda kumgombeza, nilitaka kujua anapata faida gani, maana mtu hafanyi ugumu bila faida. Nikamwuliza kwa nini asiwe na mikono miwili kama wenzake.

"Nikiwa na fulu mbili nitakumbukaje nilimpa nani ipi?" alisema akijikung'uta vumbi la ulezi. "Kichwa changu nimekipa kazi ndogo. Fulu moja, nakula, nalala."

Hilo nililielewa, kwa sababu ni hoja ya biashara. Kilichonishangaza ni kwamba nje ya debe, mwanamke huyohuyo alikuwa na fulu nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Neno lenyewe, kila mtu anajua, ni la Kiingereza. Shuleni mwalimu alituandikia ubaoni kwamba maana yake ni kujaa, tukanakili, tukaona limekwisha. Halikwisha. Liliingia mjini kwa malori, kwa mpira, kwa dawa za hospitali na kwa mafundi cherehani, na kila lilikopita liliokota kazi nyingine. Dereva anataka tanki fulu. Bwana harusi anataka suti fulu, maana yake koti na suruali vya kitambaa kimoja. Shati la mikono mirefu ni mikono fulu. Simu iliyochajiwa ni fulu, redio iliyofunguliwa mpaka mwisho ni fulu, na mtoto akipita umri wa kupakatwa ndani ya basi, kondakta anadai nauli fulu hata kama mtoto huyo bado ananyonya kidole.

Justa alizitumia zote hizo, na akaongeza zake. Asubuhi za Juni, upepo wa Ufipa unapokata masikio na sote tumevaa makoti juu ya makoti, alikuwa akifika akisema, "Leo baridi ni fulu familia, imekuja na watoto wake." Mtu mwenye akili pungufu kwake alikuwa "siyo fulu". Padri akihubiri vizuri alikuwa amehubiri fulu. Akihubiri kwa muda mrefu alikuwa amehubiri fulu tanki. Mgonjwa aliyeacha vidonge katikati alimfokea, "Dozi ni fulu, siyo ya kuonja!" Na mabishano ya bei yalipofika mahali ambapo hakuna wa kuongeza wala wa kupunguza, alipiga kofi moja na kusema, "Fultaimu. Refa kaenda kuoga."

Hata ndoa yake aliieleza kwa neno hilohilo. Alikuwa msichana, anarudi kutoka Matai jioni na kapu la kabichi kichwani, likaja lori. Dereva alikuwa Alphonce, kijana aliyetoka utingo majuzi tu na hakuwa amemaliza kujifunza swichi zote.

"Akaniwashia fulu machoni," alisema Justa. "Taa zote mbili. Sioni njia, sioni kapu, sioni hata pua yangu. Nikachukua kabichi moja nikairusha kule mwanga unakotoka."

"Ikampata?"

"Ikapata taa. Akashuka analia kioo cha tajiri wake. Nikamwambia punguza kwanza mwanga ndiyo tuongee, akasema mwanga upi tena, umeshauua."

Waliongea. Siku aliyonisimulia walikuwa na watoto wanne, na Alphonce alikuwa anaendesha lori la mahindi kwenda Tunduma. Justa alisema kioo kile amekilipa kwa watoto, na kwamba mpaka leo mume wake akiwasha taa barabarani anamwogopa kila mwanamke mwenye kapu.

Basi huyo ndiye Justa: anacheka, anatania, hana haraka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitania, nalo lilikuwa magoti. Alikuwa amepiga magoti juu ya saruji ya soko tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Kila kipupwe yalivimba. Hospitali walimwambia ayapumzishe, yeye akauliza yapumzike wapi. Mara ya mwisho daktari alimwambia wazi kwamba magoti hayo yamebakiwa na msimu mmoja. Baada ya hapo hatayakunja tena.

Alichotaka ni kizimba. Kwetu kizimba ni kibanda cha mbao chenye paa, meza na kufuli, na mwenye kizimba anakaa kwenye kiti anauza mali yake. Vilivyo wazi havikuwepo. Vizimba vya soko letu vinakaa ndani ya familia kama mashamba. Mtu akifa, mtoto wake anafungua kufuli siku ya tatu. Mimi nilikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa ndani, ubavuni mwa wauza dagaa wa Kipili. Kingine kilikuwa mlangoni kabisa, kila aingiaye alikiona kabla hajaona kitu kingine. Nilikitafuta kwa miaka, na nilikipata kwa kumfuata mwenye nacho mpaka kwenye jubilei ya ndoa yake.

Justa alikuwa anakitazama kile cha mlangoni kila anapofika na kila anapoondoka. Siku moja akaniuliza, "Mama Lydia, hivi kile kizimba unakipenda sana?"

"Fulu," nikamjibu.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Umeanza kujifunza. Sasa jifunze na kugawa."

Nikaona mlango wa biashara umefunguka. Nikamwambia anaweza kukaa humo, alete kiti chake, aweke mali kidogo, mradi mkono wake uwe unapanda asubuhi na kushuka mchana kwa mali yangu tu.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia kitambaa na kukuta kimetobolewa na mende. "Nikishakaa humo kwa mkono wa namna hiyo, atakuja kununua nani?" akasema. "Utakuwa umenipa kiti na umenifukuzia wateja. Hapana, asante, acha niendelee kusugua saruji."

Tukaachia hapo. Kila mmoja alijua mwenzake anataka nini.

Kisha akaja Faith.

Faith alitoka Mbala, akapita mpaka wa Kasesya na lori la kukodi, mwanamke mrefu mwenye koti la ngozi na simu mbili. Alisema Kimambwe na sisi tukamjibu Kifipa, tukaelewana bila shida, na pale lugha zilipopishana tulijaza kwa Kiswahili. Kwao alikuwa anauzia ulezi wapika pombe na wasaga unga wa uji. Msimu uliotangulia alikuwa ameshanunua kwetu, na hakuwa amesahau.

"Niliondoka hapa na magunia yamesimama kama maaskari," alituambia. "Nimefika Mbala yamelala. Barabara imeyatikisa njia nzima, ulezi umeshuka, na juu kumebaki gunia tupu la kukunja. Wateja wangu wakaniuliza nimewauzia ulezi au mikono ya shati."

Adriano, jirani yangu wa biashara, mwanamume mwenye stoo kubwa na maneno matamu, alijifanya kupokea simu.

Faith hakununua siku hiyo. Aliomba kiti, akakaa, akanywa chai, akaangalia mikono inavyofanya kazi. Kesho yake akaangalia tena. Halafu akasimama, akamwendea Adriano, akamwambia anataka debe moja, na anautaja mkono wa Felisiani.

Felisiani alikuwa baba wa watoto wawili, mcheshi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko yote sokoni. Alimimina huku anaimba. Debe likajaa upesi, akafuta kwa kibao, akatangaza, "Fulu!"

Faith akalipa. Kisha akasema, "Sasa ni mali yangu. Na mimi nataka kuuza. Debe naazima hilohilo la Adriano. Nani ananunua?"

Hapo ndipo nilipomwelewa, nikaona hapa kuna nafasi ya kusimama upande unaofaa. "Nanunua mimi," nikasema. "Na mkono nautaja: Justa."

Adriano akanitazama kama nimemkanyaga.

Ulezi wote ukamwagwa kwenye beseni na turubai safi. Justa akapiga magoti polepole, goti moja halafu jingine, kiwiko kikaenda kiunoni, akamimina. Alipomaliza punje ya mwisho, debe lilikuwa halijafika juu. Faith akatumbukiza mkono kando ya ukingo. Vidole vinne vilizama.

Soko likalipuka.

"Felisiani! Fulu yako imepata njaa njiani!"

"Ni baridi," Felisiani alijitetea, "ulezi umesinyaa."

"Umesinyaa kwa aibu!"

"Mpeni uji, debe lina kwashakoo!"

Felisiani mwenyewe mwishowe akacheka, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kutoka pale. Faith hakucheka. Alisema anataka mzigo kila wiki mpaka msimu uishe, kwa muuzaji mmoja, na mkono ni huyu mama hapa na si mwingine. Muuzaji ambaye mama huyu atakubali kummiminia, huyo ndiye atakayeuza. Akaenda kula.

Kwa maneno mengine, asubuhi ile Justa alikuwa mtu wa kupiga magoti, na kabla ya saa sita alikuwa ndiye mwenye mteja mkubwa kuliko wote. Alijikung'uta, akasema ana njaa, akaelekea kwa mama ntilie. Adriano na mimi tukamfuata, kila mmoja akijifanya naye ana njaa.

Tulikaa meza moja. Ugali wa ulezi ukaja, na dagaa, na kabichi.

"Dada Justa," Adriano akaanza kabla sahani haijatulia, "wewe ni mtu wangu. Kizimba changu cha nyuma, kichukue. Leo."

"Kile cha kwenye mfereji?"

"Mfereji ni wa maji ya mvua tu, dada."

"Na mvua inanyesha wapi, Zambia?"

Nikaona zamu yangu. "Mimi nina kile cha ndani. Pakavu. Kina kufuli jipya."

"Cha kwenye dagaa." Alimega tonge. "Ulezi ukishanuka dagaa, mteja wako ni paka."

"Tutaweka turubai."

"Paka anajua kufunua turubai."

Adriano akaongeza kwamba atafukia mfereji. Justa akamwambia akishaufukia maji yatapita juu, na yeye hajui kuogelea. Adriano akasema atampa na meza mpya. Justa akasema meza mpya itaelea vizuri. Alikuwa anakula kwa utulivu wa mtu aliyekuja harusini. Nilijua anangoja nini, na nilijua nikimwacha Adriano aendelee atafika kwenye kitu cha maana, maana stoo yake ilikuwa na upande unaotazama barabara.

"Haya," nikasema. "Cha mlangoni. Nakuazima msimu huu."

"Kuazimwa ni kukaa na tako moja."

"Nakukodisha, basi."

"Siku ukiamka vibaya unanitoa. Hapana. Nataka kiandikwe jina langu, fulu, pale ofisi ya soko. Siyo 'Justa', wala 'yule wa ulezi'. Jina fulu."

Nikanywa maji ili nipate muda. Kizimba cha mlangoni kilikuwa kinaniletea wapita njia, wale wa kununua kidogokidogo. Mzigo wa Faith ulikuwa lori kila wiki. Mtu yeyote anayejua kujumlisha angeona lipi zito. Lakini sikutoka nyumbani ili niongozwe kama mbuzi, nami nilikuwa na yangu.

"Kwanza," nikasema, "unamimina mzigo wa Faith kwangu mpaka debe la mwisho la msimu. Magoti yakiuma, tutaweka mto."

"Sawa."

"Pili, ukishaingia kizimbani huuzi ulezi. Uza maharage, uza sabuni, uza unachotaka."

Aliweka tonge chini. "Mama Lydia, mimi nimezeekea kwenye ulezi. Unataka nikauze sabuni nikanuke vizuri? Hilo halipo."

"Basi usiuze ulezi msimu wa kwanza tu."

"Msimu huu nitakuwa nimepiga magoti kwako, nitauza saa ngapi? Unaofuata nauza. Na mimi nina langu. Asubuhi, ukinunua kwa wakulima, utautaja mkono wangu. Kila siku. Siyo mchana kwa Faith kiwiko kiunoni halafu asubuhi unamwita mrefu mmoja amimine kutoka kwenye dari."

Adriano alicheka kwa furaha. Alijua hapo ndipo penye nyama yangu. Kununua kwa mkono wa Justa kulimaanisha kuacha kile kidogo nilichokuwa napata katika kila debe la mkulima.

"Dada," Adriano akasema haraka, "mimi upande wa barabara wa stoo—"

"Nimekubali," nikamkata.

"Yote?"

"Yote."

Justa akapiga kofi. "Fultaimu. Mama, ongeza ugali, huyu analipa."

Kwenye ofisi ya soko karani alikuwa kijana mpole aliyekuwa anatafuta kalamu. Aliuliza jina. Justa akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kwaya ya Jumapili, "Justa Maria Kapele," kisha akazunguka meza kuhakikisha herufi zote zimeingia. Karani akauliza shughuli. Akajibu, "Kukaa." Karani akaandika biashara ya mazao.

Msimu ule Justa alimimina kama alivyoahidi. Tulimwekea mto wa magunia, akausifu siku mbili, siku ya tatu akautupa kwa sababu ulimpandisha juu na kiwiko kikapoteza kipimo chake. Akarudi kwenye saruji. Nilimwambia haina haja, vidole viwili vya mto haviwezi kubadili kitu. Akanijibu kwamba Faith amepima vidole vinne kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo viwili ataviona hata akiwa Mbala.

Magunia ya Faith yalifika yakiwa yamesimama. Alirudi wiki ya pili na lori lilelile, na wiki ya tatu na kubwa zaidi.

Lile ambalo sikulitegemea lilitokea asubuhi. Mwanzoni nilihesabu kila debe la mkulima kama jino ninalong'olewa. Halafu wakaanza kuja watu nisiowajua. Mzee mmoja alipanda kutoka Mtowisa na magunia yake juu ya lori la mahindi, akapita stoo tatu, ikiwemo ya Adriano, akaja kuniuliza mimi, "Ni wewe unayenunua kwa mkono wa kiunoni?" Nikamwambia ni mimi. Akaketi, akavua kofia. Wiki iliyofuata alileta wakwe zake. Nilikuwa napata kidogo kwa debe, lakini madebe yalikuwa mengi kuliko nilivyowahi kuyaona, na kwa mara ya kwanza sikuwa nakimbilia wakulima njiani. Adriano aliacha kunisalimia kwa muda. Baadaye akaanza tena, kwa sababu alitaka kuazima turubai.

Debe la mwisho la msimu lilimiminwa siku ya upepo mkali. Justa alifuta kwa kibao, akasema neno lake, akabaki pale chini. Nilidhani anasali. Kumbe magoti yalikuwa yamekataa. Alphonce, aliyekuwa amepaki lori lake nje, akaja na Felisiani wakamwinua kwa mabega, mmoja huku mmoja kule, na yeye akiwaelekeza wasimvute sketi. Wakampeleka mlangoni. Wakamketisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya kizimba chake. Alishika meza kwa mikono yote miwili, akatazama nje kule watu wanakopita.

Msimu uliofuata Faith alifika, akapita mbele yangu, akanisalimia vizuri sana, akaenda kusimama kwenye kizimba cha mlangoni. Nililitazamia. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Lakini utaratibu ni utaratibu. Justa sasa alikuwa muuzaji, na muuzaji hamimini mali yake. Alikuwa amesahau hilo, au alikuwa hajataka kulikumbuka.

"Taja mkono," tukamwambia Faith.

Faith akaangaza macho. "Felisiani," akasema.

Kila mtu akadhani amekosea. Justa mwenyewe aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. "Bibi, huyu? Wewe si ndiye uliyetumbukiza vidole vinne?"

"Ndiyo. Lakini wewe utakuwa umekaa hapo unamwangalia," alisema Faith, "na jina la kizimba ni lako."

Justa alikaa tena. Alifikiri, akatoa gunzi la mahindi chini ya meza, akamwita Felisiani. "Bana hili kati ya kiwiko na mbavu. Likianguka, debe linarudi kwenye turubai, unaanza upya."

"Dada Justa, nitaimba na gunzi?"

"Imba. Usicheze."

Lilianguka mara nyingi kuliko nitakavyoandika hapa. Watu walileta viti kutazama. Kufikia alasiri lilikuwa halianguki tena, na debe lilipotikiswa mbele ya Faith, ulezi haukushuka hata kidole kimoja. Siku hizi Felisiani anamimina bila gunzi, ingawa mke wake anasema hata nyumbani anakula ugali kiwiko kikiwa kiunoni.

Sasa tuone nani alibaki na nini. Mimi nilipoteza kizimba cha mlangoni, na Faith hanunui tena kwa jina langu. Nilibaki na wakulima, na wakulima ndio wenye ulezi. Justa hana gari la kwenda Laela wala miguu ya kuzunguka vijijini, kwa hiyo anachomuuzia Faith anakinunua kwangu, kwa bei ya jumla ambayo tunaipigania kila wiki mpaka mama ntilie anakuja kutusikiliza. Faida yangu kwenye lori lile imekuwa nyembamba, lakini silibebi, silihifadhi, na halinikoseshi usingizi.

Yeye alipata kiti na mlango, na magoti yake yameacha kuvimba. Alipoteza malipo ya pande mbili, ambayo hayakuwahi kumkosa hata siku moja. Sasa kuna siku anafunga kufuli bila kuuza debe, na mvua ikichelewa yeye naye anaangalia mawingu kama sisi wengine. Na hajazoea kunyamaza mtu mwingine anapomimina. Kwenye kila debe mdomo wake unatembea.

Juzi nilimwambia kama kizimba kimemchosha mimi niko tayari kukichukua. Akaniuliza nitampa nini. Nikamwambia nitafikiri. Akasema nifikirie nikiwa nimesimama pembeni kidogo, kwa sababu namzibia wateja.